Sedekia Aroni Mwalwisi na Paneli Ishirini na Tatu za Kinga ya Umeme

Mchungaji na wazee wa kanisa, Bwana Mwenyekiti wa Mtaa, ninyi mliofanya kazi na marehemu, mliokaa upande wa kivuli, ndugu zetu wa Isongole, wa Kilolo na wa Chimala, majirani wa hapa Soweto, Mbeya, mliotupa viti, masufuria na mabega ya kulilia, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Ratiba mliyogawiwa inasema historia hii isomwe kwa dakika kumi, na familia inaomba radhi mapema kwamba hazitatosha, kwa sababu marehemu aliacha maelekezo, na alikuwa mtu ambaye maelekezo yake siku zote yalikuwa na kurasa.

Marehemu Sedekia Aroni Mwalwisi alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Juni 1966, katika kijiji cha Isongole, wilaya ya Rungwe, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Aroni Mwalwisi na mama Tusekile, ambao wote wawili wamekwisha kututangulia, ingawa cheti chake cha kuzaliwa, kilichotolewa miaka ishirini baadaye kwa sababu chuo kilikidai, kinasema tarehe 16, kwa kuwa karani siku hiyo alikuwa na foleni ndefu, na marehemu alipoomba kirekebishwe aliambiwa kwa upole kwamba ni rahisi zaidi yeye kuhamisha siku aliyozaliwa kuliko ofisi kuhamisha cheti. Akakubali, akawa anasherehekea zote mbili, ya kwanza kwa chai na ya pili kwa magimbi.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1974 hadi 1980, akachaguliwa kwenda shule ya ufundi mkoani Iringa, alikokaa kuanzia Januari 1981 hadi Novemba 1984, na huko ndiko alikopata wazo ambalo alilitumikia maisha yake yote. Bweni lao lilikuwa na vyumba kumi na viwili na fyuzi moja, na kila mara mwanafunzi mmoja alipochemsha maji kwa nyaya mbili na wembe, bweni zima lilizimika, na adhabu waligawana wote. Sedekia, akiwa kidato cha tatu, aliokota vyuma chakavu vya karakana akakipa kila chumba fyuzi yake, ikawa sasa wembe ukichemsha, kinachozimika ni chumba kimoja tu, na mwenye wembe anajulikana hapo hapo. Wenzake hawakumshukuru. "Wewe Mwalwisi ni fundi au ni askari?" walimuuliza, na mmoja akamwambia kwamba hata ndege wa angani wana huruma kuliko yeye. Mwalimu wa zamu alimpa wiki nzima ya kufyeka majani kwa kugusa mali ya serikali bila kibali, na wiki iliyofuata akamwita aweke fyuzi kama hizo kwenye mabweni mengine matatu.

Baada ya mwaka wa Jeshi la Kujenga Taifa, alikojifunza kulima kwa mstari na kusinzia akiwa amesimama, aliingia chuo cha ufundi jijini Dar es Salaam mwaka 1986, akahitimu ufundi sanifu wa umeme mwaka 1989, na baadaye, mwaka 1997, akaongeza stashahada ya juu ya uhandisi, ambayo ndiyo iliyowafanya watu wamwite injinia, ila yeye alipoulizwa kazi yake aliendelea kusema fundi. Ajira yake ya kwanza ilianza tarehe 1 Februari 1990 katika kiwanda cha chai huko Mufindi, akakaa miaka kumi na mitatu, na tarehe 7 Aprili 2003 akahamia hapa Mbeya katika kampuni inayotengeneza mitambo ya kulinda laini za umeme, yenye karakana yake Iyunga, ambayo hatuitaji jina kwa sababu mwanasheria wake alitupigia simu jana mchana akiomba isitajwe, na sisi ni watu wa kusikia tukiombwa.

Katika mwaka wake wa tatu kiwandani alikutana na mke wake. Siku hiyo alizima umeme saa sita mchana ili apime mitambo, akawazimia na walimu wa shule ya jirani, na haikupita robo saa mwalimu mmoja kijana akafika getini, akasema "Kamwene" kwa sauti ya mtu ambaye hakuja kusalimia, akauliza ni nani anayezimia watu umeme wakati pasi iko juu ya nguo. "Ni mimi, mwalimu, na ni nusu saa tu," Sedekia akajibu. "Nusu saa yako imeniachia gauni lenye upande mmoja, na harusi ya dada yangu ni kesho." "Basi nitakuja kwenye hiyo harusi nikuombe radhi mbele ya ndugu." Akaenda kweli, hadi Kilolo, na mvua juu. Walifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1993, yeye Mmoraviani na Veneranda Kikoti Mkatoliki, baada ya barua nane, mihuri mitano na mafundisho mara mbili, na marehemu alipenda kusema kwamba kituo kizima cha umeme huwashwa kwa karatasi chache kuliko hizo. Mungu aliwajalia watoto watatu, Bupe mwaka 1995, Clement mwaka 1998 na Eveline mwaka 2003, na wajukuu wawili.

Hapa inabidi tuieleze kazi yake, kwa sababu majirani wengi mlijua tu kwamba umeme ukikatika, watoto wa mtaa walisimama kwenye ukuta wake wakaimba "Baba Bupe, washa!", naye akatoka kuwajibu kwamba yeye kazi yake ni kuzima. Hakuwa anatania. Katika kila laini inayotoka kwenye kituo cha kupozea umeme kuna kifaa kinachoitwa rilei, ambacho kinahesabu umeme unaopita, na kikiona umeme umepotea njia, tuseme waya umekatika ukagusa ardhi, kinaiamuru swichi kubwa ikate, na ikate laini hiyo peke yake, upesi kuliko mtu anavyoweza kupepesa jicho, ili aliyeko chini ya waya abaki mzima na wa laini nyingine waendelee kupika. Zamani kila kituo kilichorwa upya na fundi wake, nyaya zikapita humo na humo kama uzi wa sweta, ukivuta mmoja Mbeya, mkono unafumuka Makambako. Sedekia kati ya mwaka 2011 na 2013 alibuni namna nyingine, kwamba kila laini iwe na paneli yake moja iliyokamilika, yenye rilei yake, nyaya zake, mchoro wake na faili lake la maelekezo, zote zikiwa na sura moja, zijengwe na kupimwa karakanani, zifike kituoni zichomekwe kama droo ya kabati, ikiharibika moja itolewe na kuingizwa nyingine bila jirani yake kujua. Aliziita moduli. Ofisi ya ununuzi haikuwa na fomu yenye neno hilo, ikamlazimu aziandike "samani za chuma", na ndiyo maana paneli tatu za kwanza zilipokelewa stoo pamoja na viti vya wageni, zikabandikwa namba za viti, na hadi leo ziko hivyo.

Zilifanya kazi vizuri mno. Kituo kilichochukua miezi saba kikawa kinachukua wiki tano, na mafundi wakaanza utaratibu wao, kwamba paneli ikikamilika siku ya Ijumaa, fundi Shedrack, msaidizi wake wa miaka mingi ambaye yuko nasi hapa, anafungua soda, anabandika kibao cha jina, anaipiga ubavuni na kuiambia, "Wewe sasa unaitwa laini fulani, nenda ukawe mkali." Faili la maelekezo halikuandikwa upya, lilinakiliwa kutoka paneli iliyotangulia, kisha yakabadilishwa mambo matatu tu, yaani jina la laini, namba ya paneli, na kipimo, ambacho ndicho kinachoiambia rilei kwamba kila unapoona moja, hesabu mia mbili, au hesabu mia nne, kulingana na laini ilivyo. Kwa kuwa paneli zilikuwa za aina moja na hazijawahi kumwaibisha mtu, wakaguzi waliacha kuzikagua, wakawa wanasaini wakiwa wamesimama, wakiambiana, "Hii ni ya Mwalwisi, hii haikosei," na marehemu alitaka ijulikane kwamba maneno hayo aliyasikia, na yalimpendeza.

Tunafika mahali ambapo alituomba tusome polepole. Siku ya Ijumaa, tarehe 22 Julai 2016, paneli ya laini ya Chimala ilikuwa ya mwisho kukamilika, gari la kuipeleka likiwa limekwisha kuwashwa injini, na Sedekia mwenyewe alinakili faili, akabadilisha jina, akabadilisha namba, umeme ukakatika Iyunga nzima na kompyuta yake, ambayo betri yake ilikuwa imekufa tangu Pasaka, ikazimika. Umeme uliporudi alifungua faili akaona jina jipya na namba mpya, akaamini amemaliza. Kipimo kilibaki mia mbili, na laini ya Chimala ilikuwa ya mia nne, maana yake rilei ilikuwa imefundishwa kuona nusu ya kila kitu. Wakaipima hapo hapo, ikafaulu bila kasoro, kwa sababu chombo chao cha kupimia kiliiuliza rilei kama inatii ilichoambiwa, hakikuiuliza kama ilichoambiwa ni kweli. Soda ikafunguliwa. Na faili hilo la Chimala, kwa kuwa ndilo lililokuwa jipya kuliko yote, likawa mama wa paneli zilizofuata, ishirini na mbili, ambazo zilibadilishwa jina na namba, kipimo kikaachwa kwa kuaminiwa kwamba kimekwisha kuwekwa sawa, zikaenda vituo vya mkoa wa Mbeya na mkoa wa Iringa.

Siku ya Jumatano, tarehe 8 Machi 2017, saa nne asubuhi, upepo ulidondosha waya katika mashamba ya mpunga nje ya Chimala, kwenye majaruba yaliyojaa maji. Rilei ilikuwa imeamriwa ikate umeme uliopotea ukivuka ampea hamsini, waya ulimwaga sabini, rilei ikaona thelathini na tano, ikanyamaza. Ilinyamaza kwa dakika kumi na tisa, mpaka mtu wa kituoni alipopigiwa simu akazima kwa mkono, na ndani ya dakika hizo ndugu Sifaeli Mgaya, mkulima, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, aliyekuwa anakwenda kuziba mfereji, aliingia kwenye maji na hakutoka. Alasiri ya siku hiyo Sedekia alifika kituoni, akaisoma kumbukumbu ya rilei, akasoma na mita iliyo pembeni yake, akaelewa kwa muda wa kunywa glasi moja ya maji. Fundi Shedrack anasema alikaa chini, sakafuni, akiwa amevaa suti ya kikao alichokuwa anakiendea, akasema, "Shedrack, ni mimi."

Kampuni iliunda kamati ya watu saba, ikakaa siku kumi na moja, ikatoa ripoti ya kurasa arobaini na mbili, ambayo nakala yake tunayo ndani. Fomu ya ajali ina visanduku vitano vya chanzo, upepo, radi, miti, wanyama na ndege, na wizi wa nyaya, na kamati iliweka alama kwenye upepo, jambo ambalo si uongo, kwa sababu upepo ndio ulioudondosha waya. Swali la kwa nini umeme ulibaki ndani ya waya uliolala majini halikuwa na kisanduku. Sedekia alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati na karatasi zake. "Injinia, sasa wewe unataka tuandike nini?" mwenyekiti akamuuliza. "Muandike kwamba nilikosea kipimo." "Hicho si chanzo, ndugu yangu, hilo ni jina la mtu, na fomu inataka chanzo." "Basi muongeze kisanduku." Mwenyekiti alicheka, si kwa ubaya, akamwambia kwamba fomu hiyo imepitishwa na bodi, na bodi inakutana mwezi wa kumi na moja.

Aliandika barua. Aliandika kumi na nne, kati ya Aprili 2017 na Desemba 2023, zote za ukurasa mmoja, akieleza kosa, akitaja paneli zilizotokana na faili lile, akiomba zifunguliwe zikaguliwe, na alijibiwa mara kumi na moja kwamba barua yake imepokelewa na inafanyiwa kazi, isipokuwa jibu la tisa, lililomjulisha kwamba ombi lake la likizo ya uzazi limekubaliwa. Barua hiyo aliiwekea fremu. Ilikuwa sebuleni, wengi mmeiona mkadhani ni cheti.

Tarehe 3 Juni 2018, bila kumwambia mtu kazini, alipanda gari kwenda Chimala, akaulizia nyumba ya marehemu Sifaeli, akamkuta mjane wake, mama Benedicta, anaanika mpunga, akajitambulisha akamweleza yote, tangu gari lililokuwa linasubiri hadi rilei iliyoona nusu. Mama Benedicta, ambaye yuko nasi leo na ndiye aliyeturuhusu kuyasema haya, alimsikiliza huku anageuza mpunga kwa mguu, akamuuliza, "Umeshawaambia wakubwa zako?" "Nimewaambia, mama." "Wakasemaje?" "Wamesema ni upepo." "Na mimi waliniambia upepo. Sasa wewe umekuja kuniambia mimi, na mimi nimwambie nani?" Sedekia alivua koti akamsaidia kuanua, kwa sababu wingu lilikuwa linakuja, na tangu siku hiyo alikwenda kila mwaka wakati wa mavuno, akabeba magunia, na hawakulizungumza tena.

Alichokuwa anakitafuta ni paneli zile ishirini na mbili, ukiongeza ya Chimala yenyewe ishirini na tatu. Si zote zilikuwa mbovu, kwa kuwa laini ambayo kwa bahati ni ya mia mbili ilikuwa sawa, lakini hakuna wa kujua bila kufungua faili na kulilinganisha na laini, na kulifungua kunahitaji kibali cha kuzima, na kibali kinataka utaje hitilafu, na ripoti ya kamati inasema hitilafu haikuwepo, ilikuwa upepo. Alikwenda na hoja hiyo kwa ofisa wa vibali mara nyingi kiasi kwamba ofisa alianza kumwagizia chai. "Mzee Mwalwisi, niletee hitilafu nikupe kibali." "Nipe kibali nikuletee hitilafu." Wakanywa chai. Mwaka 2019 alipandishwa cheo kuwa Mratibu Mwandamizi wa Viwango, cheo chenye ofisi, zulia na makabati ya mafaili, kisicho na ufunguo wa kituo hata kimoja.

Basi akawa anavizia matengenezo ya kawaida, mafundi wakienda kufagia kituo au kubadilisha mafuta ya transfoma naye akaomba lifti kama mtazamaji, akisimama nyuma yao na koti lake la mvua, na wakati wanakunywa chai Shedrack anafungua faili, anasoma kipimo kwa sauti, Sedekia anaweka alama kwenye daftari. Kwa mwendo huo, katika miaka saba, walifungua paneli kumi na tisa, wakakuta sita ni mbovu, Chimala ikiwemo, wakazirekebisha zote papo hapo, na kila moja wakaiandikia taarifa, na kila taarifa ilirudishwa kwa kuwa marekebisho yaliyofanyika bila kibali hayawezi kuingizwa kwenye kumbukumbu, hivyo kwa mujibu wa ofisi paneli hizo bado ziko kama zilivyokuwa. Jambo lililomkosesha raha zaidi halikuwa ofisi. Alisema yeye ndiye aliyetaka zote ziwe sura moja, na kwamba angekuwa fundi wa zamani, wa sweta, angekosea sehemu moja tu.

Zilibaki nne. Mojawapo ndiyo inayolinda laini inayopita juu ya mashamba ya kwao Veneranda, kule Kilolo, na kila masika mama Bupe amekuwa akiwapigia ndugu zake simu, "Upepo ukivuma msiende shambani, na mkienda msikanyage maji," na wao wakimwuliza kwa nini anawakataza kulima wakati wa kulima, na yeye akikosa la kusema ambalo mtu wa Kilolo angelikubali.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 marehemu alianza kulalamika mgongo na kukosa hamu ya kula, tarehe 18 Februari vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa, na daktari alimweleza bila kuzunguka, kama alivyotaka aelezwe. Aliuliza swali moja, kwamba ana miezi mingapi, akaambiwa labda sita, akahesabu kwa vidole ratiba ya matengenezo ya vituo, akasema haitoshi. Alistaafishwa kwa ugonjwa tarehe 30 Aprili, akarudisha kitambulisho, na simu zake kwa watu wa vituoni zikawa hazipokelewi, kwa agizo, si kwa chuki. Shedrack naye akahamishiwa stoo ya vifaa. Wale tuliomuuguza tuliona jinsi mtu anavyoweza kulala kitandani akiwa na maumivu mahali pamoja na mawazo mahali pengine, na hatukuwa na la kumsaidia katika lolote kati ya hayo mawili.

Mwezi Agosti alimwita shemeji yake Bartholomeo, mdogo wake Veneranda, ambaye alikuwa karani wa masjala hadi kustaafu, akamwambia, "Shemeji, chukua kalamu. Kuna ripoti moja nchi hii ambayo haipiti kamatini, hairudishwi, na watu wanasikiliza mpaka mwisho wakiwa wamevua kofia. Tuiandike hiyo." Bartholomeo akauliza ni ripoti gani, na mgonjwa akajibu, "Historia ya marehemu." Waliandika kwa siku tatu. Clement, mtoto wake wa kiume, hakukubaliana, alisema baba yake amefanya kazi miaka thelathini na mitano, kwa nini azikwe na kosa la Ijumaa moja, na alilisema akilia, na wala si yeye peke yake katika familia aliyeona hivyo. Mama yake ndiye aliyemaliza mjadala. "Kama hamtasoma, nitasoma mwenyewe na kilio changu. Mimi kwetu ni Kilolo."

Marehemu Sedekia Aroni Mwalwisi alifariki dunia siku ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, nyumbani kwake hapa Soweto, mkono wake ukiwa kwa Bupe, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi mitatu na siku ishirini na tano kwa hesabu ya mama yake, au siku ishirini na tatu kwa hesabu ya serikali.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kwa miguu kumchoma sindano za maumivu hata alipokuwa zamu ya mapumziko. Inawashukuru majirani wa Soweto, kwaya, wanawake wa jumuiya ya mama Bupe waliokuja wote ingawa si kanisa lao, na fundi Shedrack, ambaye hatuna neno linalomtosha. Inamshukuru mama Benedicta Mgaya, aliyefika juzi na debe mbili za mchele, akaingia jikoni moja kwa moja na hakutoka mpaka tulipomwomba aje akae hapa mbele. Inaishukuru kampuni kwa jeneza, kwa gari na kwa barua ya rambirambi, ila katika barua hiyo kuna mstari unaosema marehemu alitumikia "bila doa", na mke wake anaomba mstari huo ufutwe, kwa heshima zote, kwa sababu sifa hiyo mwenyewe aliikataa angali hai.

Asubuhi ya leo tulimwomba mwakilishi wa kampuni, ambaye ni mtu mwema na alikuwa mwanafunzi wa marehemu, aipokee nakala ya historia hii na kusaini kwamba ameipokea. Alituambia kwa masikitiko kwamba hana mamlaka ya kupokea nyaraka msibani, ipitie masjala. Masjala imefungwa, na kesho ni sikukuu. Kwa hiyo tunaisoma hapa, mbele ya jeneza, na wote mliofanya kazi naye mnajua namba hizi ni za wapi kuliko sisi tunavyojua. Paneli namba saba haijafunguliwa. Paneli namba kumi na mbili haijafunguliwa. Paneli namba kumi na sita, ya Kilolo, haijafunguliwa. Paneli namba ishirini na moja haijafunguliwa. Sisi hatuna ufunguo, hatuna kibali, na hatuna fundi, fundi tuliyekuwa naye ndiye huyu. Mvua zinaanza mwezi ujao.

Sedekia, tumesoma kama ulivyoandika, hatukuruka kitu. Pumzika kwa amani, kama itawezekana.